Masista Wazee Wanacheka Nini?



Mpendwa msomaji, ukurasa huu wa ndoa umezoea kupokea barua za machozi. Ya safari hii ina machozi pia, lakini ndani yake mna swali ambalo sijawahi kuulizwa tangu nianze kuwafundisha wachumba katekesi ya ndoa. Mama mmoja aliyeishi miaka 26 katika ndoa ya Kanisa anaandika hivi, nami naifupisha barua yake:

"Katekista, nyumba ya masista iko ng'ambo ya barabara, inatazamana na shamba letu. Jioni masista wazee wawili hukaa nje chini ya mparachichi wakichambua mboga, na huwa wanacheka. Wanacheka mpaka mmoja wao anakohoa. Mimi nawasikia nikiwa jikoni. Mimi na mume wangu hatujacheka pamoja tangu mwaka 2021. Mwaka huo alimuuza ng'ombe wangu niliyemnunua kwa pesa za chama cha akina mama, akalipa deni la ndugu yake aliyekuwa amemdhamini. Hakuniambia. Nilitoka Misa nikakuta kamba tupu. Hanipigi, halewi, na kanisani anakuja. Lakini tangu siku hiyo namwekea chai ya rangi. Ng'ombe ameuza, maziwa yatoke wapi? Anainywa bila kusema neno. Sasa nauliza: masista wanacheka kwa sababu hawana waume? Na kama ni hivyo, je, mimi nilikosea mwito wangu? Binti yangu aliye Nakuru ananiambia niende nikae naye, na nimeanza kukunja nguo."

Barua inaishia hapo. Nilimsomea mke wangu. Alipofika kwenye chai ya rangi alicheka, kisha akanyamaza, akaniambia, "Huyu mama hafanyi mzaha. Mjibu upesi."

Mama, nakujibu bila kuzunguka. Hapana, masista hawacheki kwa sababu hawana waume. Na mwito wako hukuukosea.

Hebu tuyatazame maisha yao jinsi yalivyo, maana wengi wetu tunawaona Jumapili tu, wamenyoosha shela, tukadhani wanaishi karibu na malaika. Wewe ulimwona mume wako ukampenda. Wazee wakakaa, mahari ikazungumzwa, matangazo yakasomwa kanisani, ukasimama mbele ya altare ukasema ndiyo kwa mtu ambaye jina lake unalijua. Sista hakumchagua anayelala chumba cha pili. Anapokea barua ya uhamisho kutoka kwa Mama Mkuu, anafunga sanduku lake, anafika mahali asipopajua, na pale anakuta wenzake watatu au wanne. Mmoja ametoka Machakos, mwingine Kisumu, mwingine alizaliwa Italia na hajaizoea sukuma wiki hata baada ya miaka 40. Mmoja anataka dirisha wazi usiku, mwingine anasikia baridi. Mmoja anaimba Zaburi haraka kama aliyeachwa na basi, mwingine anavuta kila neno. Wanakula meza moja asubuhi, mchana na jioni. Wanatumia gari moja, kama lipo. Na hakuna mwenye haki ya kusema, "Mimi narudi kwetu," maana ameweka nadhiri ya utii, na ya ufukara, na ya useja. Watawa wanaofuata kanuni ya Mtakatifu Benedikto huongeza ahadi nyingine, ya kudumu katika jumuiya ileile hadi kufa. Ukifikiri sana juu ya ahadi hiyo utaona kwamba haiko mbali na ile uliyoitoa wewe.

Lazima niwe mkweli, kwa maana kuna masista watakaousoma ukurasa huu nao wataniuliza. Si kila mtawa mzee anacheka. Nimewaona wengine waliochacha. Wamemtumikia Mungu miaka 45 na uso ni mkavu kama mwiko uliosahauliwa juani, wakikumbuka nani alipelekwa masomoni Roma na nani alibaki kufuga kuku. Utawa haumfanyi mtu awe mcheshi, kama vile pete haimfanyi mtu awe mume mwema. Kwa hiyo swali lako lina uzito kuliko ulivyodhani. Wale wawili chini ya mparachichi wamefanya kitu fulani ambacho wengine hawakukifanya. Ni kitu gani?

Siwajui masista wa kwenu. Nitakusimulia juu ya mmoja ninayemjua, ambaye ametumikia zahanati karibu maisha yake yote. Jina lake nalihifadhi. Masikio yake yamepungua nguvu, lakini si kama anavyotuonyesha. Ukimwambia neno lisilofaa anaweka mkono sikioni na kusema, "Rudia mwanangu, nimesikia, ila nakupa nafasi ya kubadilisha."

Alipotimiza miaka 50 ya nadhiri tulimfanyia sherehe ya jubilei. Zilisomwa hotuba nyingi, kila mmoja akimsifu kwa uvumilivu wake. Mwishowe akapewa nafasi naye. Akasimama ameshika meza, akasema, "Mnasema nimevumilia. Mimi nilifunga sanduku niondoke mara tatu. Mara ya kwanza ilinyesha mvua. Mara ya pili gari la misheni lilikosa mafuta. Mara ya tatu sikuona kiatu changu kimoja." Akaketi, akaomba aongezewe pilau. Watu walicheka hadi Baba Paroko akapangusa miwani.

Mke wangu alikuwa miongoni mwa akina mama waliobaki kuosha sufuria. Yeye si mtu wa kuacha hadithi ikatike katikati. Akamwendea Sista, akamuuliza kiatu kilikuwa wapi. Sista akamwambia yote, na baadaye akatukubalia tuwasimulie wengine.

Wakati huo alikuwa na miaka 41. Sista mwenzake, ambaye walikuwa wameingia utawani karibu pamoja, aliteuliwa kuwa mkuu wa nyumba. Juma la kwanza alikuja zahanati, akamwambia mbele ya wafanyakazi na wagonjwa aliokuwa amewahudumia miaka 11 kwamba kuanzia leo funguo za dawa zitakaa kwa mkuu wa nyumba. Hakueleza sababu. Alinyosha mkono tu akangoja. Sista akatoa funguo. Kisha wakaishi miezi 4 bila kuzungumza isipokuwa kanisani, na huko, alivyosema mwenyewe, "tuliongea kwa maneno ya Zaburi tu, kwa sababu hayo yalikuwa yameandikwa tayari."

Alfajiri moja akafunga sanduku aende kupanda basi la kwanza. Akavaa kiatu cha kulia. Cha kushoto hakipo. Akatafuta chini ya kitanda, bafuni, jikoni, huku anarukaruka kwa mguu mmoja gizani. Mwishowe akaona mwanga kanisani, akaingia. Yule mwenzake alikuwa ameketi kwenye benchi, amejifunga shuka, macho mekundu.

Akamwambia, "Simama."

"Sisimami."

"Umekalia kiatu changu."

"Najua. Kinaniumiza tangu saa nane."

Hapo, mpendwa msomaji, mbele ya Sakramenti Takatifu, wanawake wawili ambao hawakuwa wamesemezana kwa miezi minne walishikwa na kicheko wasiweze kukizuia. Walicheka mpaka wakashika benchi. Na kicheko kilipopungua, yule mkuu akaanza kulia, akasema, "Nilikuaibisha mbele ya watu. Niliogopa kwamba hawatanijua kuwa mimi ndiye mkuu." Akamwomba msamaha pale pale, kiatu bado kiko chini yake.

Mke wangu akamuuliza Sista kama alirudishiwa funguo. Akajibu kwamba zilirudi mwaka uliofuata. "Na kila nilipoziona mfukoni mwake kabla ya hapo," akasema, "kitu kilinichoma hapa. Lakini nilikuwa nakumbuka kiatu."

Nimeisimulia kwa urefu kwa sababu ukiisikia haraka utadhani kicheko kilifuta kosa. Hakikulifuta. Kosa lilisemwa kwa jina lake: nilikuaibisha. Kilichofanywa na kicheko ni kuufungua mlango uliokuwa umeshikwa na kutu. Kila mmoja alijiona alivyo, mmoja mguu pekupeku, mwingine amekalia kiatu kama kuku juu ya yai, na ile heshima waliyokuwa wakiilinda kwa miezi minne ikaonekana ndogo mno.

Watu wengine huona vigumu kuuweka utakatifu karibu na mzaha. Nakumbuka nikiwa kijana nilidhani mtakatifu ni mtu aliyeinamisha kichwa upande kama katika picha za sala. Lakini Mtakatifu Filipo Neri, aliyezaliwa Florence mwaka 1515 na kufa Roma mwaka 1595, alikuwa padre aliyeungamisha watu usiku na mchana, na alikuwa na kitabu chake cha vichekesho alichokipenda. Alipoona watu wanaanza kumheshimu kupita kiasi, alitokea hadharani amenyoa nusu ya ndevu, upande mmoja tu. Papa Fransisko, aliyeingia Shirika la Yesu mwaka 1958 akadumu katika nadhiri hadi kifo chake tarehe 21 Aprili 2025, aliandika katika waraka wake wa mwaka 2018 juu ya utakatifu kwamba mtakatifu huishi kwa furaha na ucheshi. Alisema mara nyingi kwamba kwa zaidi ya miaka 40 alisali kila siku sala ya kuomba ucheshi, sala inayohusishwa na Mtakatifu Thomas More. Huyo hakuwa mtawa. Alikuwa mume na baba wa watoto, wakili, aliyekatwa kichwa Uingereza mwaka 1535 kwa ajili ya imani. Sala yenyewe inaanza kwa kumwomba Mungu tumbo lisage chakula vizuri, na pia kitu cha kusaga. Ningependa wachumba wote waijue.

Lakini mfano unaofanana zaidi na ng'ombe wako, Mama, uko Nairobi. Kule Kasarani kuna Nyumba ya Wazee, inayoendeshwa na Masista Wadogo wa Maskini. Ndiko Kardinali Maurice Otunga, mtoto wa chifu aliyekuwa Mkenya wa kwanza kupewa ukardinali, alikokwenda kuishi miongoni mwa wazee maskini siku zake za mwisho, kabla ya kufariki tarehe 6 Septemba 2003. Masista hao walianzishwa na mwanamke Mfaransa aliyeitwa Jeanne Jugan. Sikiliza alivyotendewa.

Jeanne alizaliwa mwaka 1792, mtoto wa mvuvi aliyepotea baharini. Alifanya kazi ya utumishi katika nyumba za watu. Baharia mmoja alimposa, akakataa. Wakati wa baridi ya mwaka 1839, akiwa na miaka 47, alimchukua bibi kizee kipofu asiye na mtu, akamlaza katika kitanda chake mwenyewe, yeye akaenda kulala darini. Baada ya huyo akaja mwingine, na mwingine, hata nyumba ikajaa. Akashika kikapu akaenda kuwaombea chakula nyumba kwa nyumba. Inasimuliwa kwamba mtu mmoja mwenye mali alimpiga. Jeanne akamshukuru, akamwambia kwamba hilo lilikuwa fungu lake yeye, sasa atoe na la maskini wake. Mtu akatoa.

Wenzake wakaungana naye, wakamchagua awe mkuu wao. Lakini padre aliyekuwa akiwaongoza, mwaka 1843, akautangua uchaguzi na kumweka msichana mdogo mahali pake. Baadaye, mwaka 1852, akamwondoa hata katika kazi ya kuomba misaada, akamweka kando katika nyumba ya wanovisi. Padre huyo akajiita mwanzilishi. Historia ikaandikwa upya, na wasichana waliokuja kujiunga wakafundishwa kwamba aliyeanzisha kila kitu ni yeye. Jeanne alikaa nao miaka 27, akitembea na mkongojo wake, akiwafundisha kazi ndogo ndogo na kuwachekesha, wala wengi wao hawakujua kwamba mwanamke huyu mzee ndiye mama wa shirika lao. Alipokufa tarehe 29 Agosti 1879 walikuwa masista zaidi ya 2,000.

Je, alijua alichofanyiwa? Alijua sana. Inasimuliwa kwamba alimwambia yule padre usoni, kwa utani, kwamba amemwibia kazi yake, lakini yeye anampa kwa moyo mweupe. Angalia maneno yote mawili. Hakusema, "Hakuna kitu, Padre, sikuumia." Alisema umeiba. Kisha akampa kile alichoibiwa, na kuanzia hapo hakikuwa tena mikononi mwa mwizi. Kilikuwa zawadi. Roma ilikuja kuchunguza, na mwaka 1890 padre huyo akaondolewa katika uongozi. Jeanne alikuwa kaburini miaka 11. Alitangazwa mtakatifu mwaka 2009. Sisemi kwamba tungoje hivyo ndipo haki ipatikane, la. Nasema kwamba katika ile miaka 27 alikuwa na njia mbili tu, na moja ilikuwa kuwawekea watu chai ya rangi.

Nisamehe, Mama. Nimekuchokoza kidogo. Naona kwamba chai yako ya rangi ni jambo la kuchekesha na la kusikitisha kwa pamoja, na nadhani wewe mwenyewe ulipoiandika ulitabasamu. Mtu asiye na ucheshi asingeiandika vile.

Sasa, watawa wanatunzaje kicheko kisikauke kwa miaka 50? Hawangoji kije chenyewe. Mtakatifu Teresa wa Avila, alipowaandikia masista wake wa Karmeli kanuni za maisha katika karne ya 16, maisha ya ukimya mkali, aliwawekea nafasi mbili kila siku za kukaa pamoja na kuzungumza, baada ya chakula cha mchana na baada ya cha jioni. Teresa mwenyewe alipiga tari na kucheza katika siku hizo za furaha. Ilikuwa kanuni, kama sala ilivyo kanuni. Sista aliyekasirika hakuruhusiwa kubaki chumbani akiikumbatia hasira yake. Alikuja akakaa na wengine, mkononi ana kazi ya kushona. Hicho ndicho unachokisikia ukiwa jikoni. Kuchambua mboga kungeweza kufanywa na mtu mmoja kwa nusu saa. Wale wawili wanakaa kwa sababu walifundishwa kukaa tangu wakiwa wanovisi, na siku nyingi walikaa bila hamu.

Katika nyumba zetu je? Baba anakula sebuleni mbele ya runinga, mama jikoni, simu mkononi mwa kila mmoja. Hata kosa la kuchekesha likitokea, hakuna wa kuliona.

Na kuna desturi nyingine iliyokuwa ngumu. Zamani katika nyumba nyingi za watawa walikusanyika na kila mmoja akasema makosa yake dhidi ya jumuiya mbele ya wote. Nimevunja sahani. Nimejibu kwa ukali. Nimechelewa sala. Baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, uliofanyika kuanzia 1962 hadi 1965, nyumba nyingi ziliiacha au kuibadilisha, kwa kuwa mahali pengine iligeuka kuwa ya kutia hofu. Lakini ninachotaka ukione ni hiki: mtu alianza na yake. Sisi wanandoa tuna mkutano kama huo, tena kila usiku, ila kila mmoja anaungama dhambi za mwenzake.

Nikitoka kwa watawa nikaingia katika Biblia, wanandoa wa kwanza ninaowakumbuka wakicheka ni wazee. Soma kitabu cha Mwanzo, sura ya 17. Abrahamu anaambiwa kwamba atapata mtoto, anaanguka kifudifudi na kucheka. Sura ya 18, Sara anasikia habari hiyohiyo akiwa nyuma ya mlango wa hema, naye anacheka moyoni mwake, kisha anakana kwa hofu. Kila mmoja alicheka peke yake, kicheko cha mtu ambaye hatarajii tena kitu. Ni katika sura ya 21, mtoto akiwa mikononi, Abrahamu na miaka 100, ndipo Sara anasema kwamba Mungu amemfanyia kicheko na kila atakayesikia atacheka pamoja naye. Mtoto wakamwita Isaka, na jina hilo lahusu kucheka. Wakati katikati ya kile kicheko cha upweke na hiki cha pamoja hawakuukwepa. Palikuwa na Hajiri pale nyumbani, na hasira, na lawama.

Kabla sijaenda mbele, niseme neno kwa msomaji mwingine ambaye si Mama huyu. Kama katika nyumba yako kuna kipigo, usiuchukue ukurasa huu ukadhani nimekuambia ucheke. Nenda mahali salama, mwambie padre, mwambie mtu wa jamaa unayemwamini, nenda polisi au kwa chifu. Ucheshi si dawa ya ngumi. Vilevile kuna kicheko ambacho Mtume Paulo anakikataza katika Waefeso sura ya 5, na Mtakatifu Benedikto aliwaonya watawa wake juu yake: ule mzaha wa kumvua mtu heshima. Mume anayewaambia wageni jinsi mke wake anavyopika vibaya, watu wakacheka, amefanya dhihaka. Sista yule alijicheka yeye mwenyewe na kiatu chake. Hata leo akisimulia habari ya funguo, hamtaji mwenzake kwa jina.

Nawe baba, maana najua kwamba katika nyumba nyingi gazeti hili hupitia mikononi mwako kabla halijafika jikoni. Huenda si wewe uliyemuuza ng'ombe huyu. Pengine ulimuuza mwingine. Kumsaidia ndugu yako hakukuwa dhambi. Kumdhamini bila kumshirikisha mkeo kulikuwa kosa la kwanza, na kumfungua mnyama asiye wako wakati mwenyewe yuko Misani kulikuwa la pili. Kanisa linatufundisha katika Sakramenti ya Kitubio kwamba aliyechukua cha mtu hurudisha anavyoweza. Kwa hiyo "pole" isiyo na mpango wa ng'ombe ni nusu ya pole. Mwambie, "Nilimuuza ng'ombe wako, nikanyamaza kwa aibu." Kisha mpange pamoja, hata kama ni ndama mmoja kwa miaka miwili, hata kama ndugu yako aliyeokolewa na ng'ombe huyo ataanza kulipa kidogo kidogo. Na aulizwe kweli. Wadhaminiwa wana tabia ya kusahau haraka.

Mama, narudi kwako. Unaniuliza kama ulikosea mwito. Mwito wako una umri wa miaka 26, na wale wawili chini ya mparachichi, kama ni wazee ulivyosema, wana miaka 50 au zaidi. Nina hakika kabisa kwamba walipokuwa na miaka yao 26 kuna mmoja aliyekuwa akisikia sauti za watoto wako ng'ambo ya barabara akajiuliza kama yeye ndiye aliyekosea. Vuka barabara uwaulize. Usiende na swali la waume, wataanguka kwenye viti. Nenda na sukuma wiki mkononi, uketi nao uchambue, na uwaulize waliwahi kununiana kwa muda gani mrefu zaidi. Nadhani utarudi nyumbani umechelewa.

Kisha jioni moja, usipeleke maziwa. Ukipeleka maziwa ghafla ataogopa, atafikiri kuna msiba. Weka vikombe viwili, vyote vya chai ya rangi, ukae kiti kilicho karibu naye. Kunywa nacho chako. Akikuangalia, mwambie kwamba tangu 2021 umekuwa ukimtesa kwa kikombe hiki, na wewe mwenyewe hujawahi kukionja mpaka leo, na kwamba kweli ni kibaya. Hilo ni lako la kuungama, dogo, na ukilitanguliza utakuwa umempa nafasi ya kuleta lake, ambalo ni kubwa. Pengine atacheka. Pengine atalia, wanaume wa kimya huficha mengi ndani ya kikombe. Pengine ataondoka aende kuangalia kuku. Akiondoka, usimfuate, maliza chai yako, na kesho yake weka tena vikombe viwili. Kama baada ya mwezi hakuna neno, mwende wote wawili kwa paroko au kwa wale wanandoa waliowasimamia, nanyi mlizungumze jambo la ng'ombe mbele ya shahidi.

Kwa binti yako wa Nakuru unaweza kwenda kumtembelea, ni mtoto wako. Ila mke wangu, aliyeisoma barua yangu hii kabla sijaituma, ameomba niongeze mstari mmoja kutoka kwake: siku ukiwa tayari kuondoka na sanduku limefungwa, kwanza hesabu viatu vyako, na kama kimoja hakipo, angalia mzee amekalia nini.